Nitumie kivinjari kipi kwenye kompyuta ya nyumbani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wanaotumia kompyuta nyumbani kwa kulipa bili, kusoma habari, kazi za shule za watoto na kutazama video. Majibu mengi yanahusu Windows kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye kompyuta nyingi, lakini Mac na Linux zimetajwa pale zinapotofautiana.

Sina muda wa kusoma yote. Niambie tu nitumie kipi.

Firefox kwa shughuli za kila siku, ukiiongezea kiendelezi (programu ndogo ya nyongeza) cha uBlock Origin, kinachozuia matangazo. Kile kilichokuja na kompyuta, yaani Edge kwenye Windows au Safari kwenye Mac, kibaki kama akiba kwa tovuti chache zitakazogoma. Mwenye Mac ya mpakato anayejali chaji anaweza kugeuza mpango: Safari mbele, Firefox akiba. Ukiamua kubaki na Chrome hujaharibu kitu, mradi inasasishwa na umepitia mipangilio yake ya faragha. Sababu zangu ziko hapa chini.

Kompyuta yangu ilikuja na kivinjari tayari. Kwa nini nijisumbue?

Kwa sababu aliyekichagua alikuwa na maslahi yake, na anajua kuwa wengi hawatakigusa. Vita hivi ni vya zamani. Microsoft ilitoa Internet Explorer mwaka 1995, baadaye ikaiunganisha na Windows, na mwaka 1998 serikali ya Marekani ikaishtaki kwa kutumia Windows kuwabana washindani kama Netscape. Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya uliifanya kampuni hiyo iwaonyeshe watumiaji wa Windows dirisha la kuchagua kivinjari. Dirisha hilo lilipotoweka kwenye toleo mojawapo la Windows 7, Microsoft ilitozwa faini ya euro milioni 561 mwaka 2013.

Siku hizi pesa zinazozunguka ni kubwa zaidi. Nyaraka za kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google zilionyesha kuwa mwaka 2022 Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili iwe injini ya utafutaji ya kwanza kwenye Safari. Hakuna kampuni inayotoa fedha za namna hiyo kwa mpangilio ambao watu wana mazoea ya kuubadilisha.

Vivinjari viko vingi mno. Vinatofautiana kweli?

Kwa sura, sana. Kwa ndani, kidogo kuliko unavyodhani. Kila kivinjari kina injini, ile sehemu inayosoma msimbo wa ukurasa na kuugeuza kuwa maandishi, picha na vitufe unavyoviona. Injini zinazotumika kwa wingi leo ni tatu tu: Blink ya Google, WebKit ya Apple na Gecko ya Mozilla. Chrome, Edge, Brave, Opera na Vivaldi zote zimejengwa juu ya Chromium, mradi wa msimbo huria ulioanzishwa na Google, kwa hiyo zote zinatumia Blink. Safari inatumia WebKit. Firefox inatumia Gecko.

Na hata Blink na WebKit asili yao ni moja. Apple ilichukua KHTML, injini ya kivinjari cha Konqueror cha watu wa Linux, ikaikuza kuwa WebKit na kuizindua pamoja na Safari Januari 2003. Google nayo ilianza Chrome mwaka 2008 kwa WebKit hiyohiyo, kisha mwaka 2013 ikajitenga na kuanzisha Blink. Mwaka huohuo Opera iliachana na injini yake yenyewe. Microsoft ilivumilia hadi Desemba 2018, ilipotangaza kuwa Edge nayo itahamia Chromium, na Edge mpya ikatoka Januari 2020.

Kwa hiyo anayehama kutoka Chrome kwenda Edge amebadilisha kampuni, vitufe na mipangilio. Namna kurasa zinavyosomwa imebaki ileile.

Wote wakitumia injini moja, ubaya uko wapi?

Hili ndilo linalonigusa kuliko yote kwenye ukurasa huu, na naomba usiliruke.

Tulishawahi kufika huko. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya watumiaji tisa wa intaneti kati ya kumi walitumia Internet Explorer. Toleo la 6 lilitoka mwaka 2001. La 7 lilikuja mwaka 2006. Kwa miaka mitano katikati hapo kampuni haikuwa na mpinzani wa kuihangaisha, na kivinjari hakikusogea. Watengenezaji wa tovuti waliandika kurasa zinazofunguka humo tu, na mwenye mfumo mwingine akaambiwa akatafute Windows. Kilichovunja usingizi ule ni Firefox 1.0, iliyotoka Novemba 2004 ikiwa na vichupo (kurasa kadhaa ndani ya dirisha moja) na uwezo wa kuzuia madirisha ya matangazo yanayorukia skrini. Explorer 7 ilipokuja, nayo ilikuwa na vichupo.

Leo Chrome peke yake inatumiwa na takriban theluthi mbili ya watumiaji wa intaneti duniani. Hali si ileile kabisa, maana msimbo wa Chromium uko wazi na kampuni nyingine huchangia. Lakini kauli ya mwisho kuhusu kinachoingia na kinachotoka ni ya Google kwa sehemu kubwa, na Google huishi kwa matangazo. Kila nyumba inayotumia Firefox au Safari inamlazimisha mtengenezaji wa tovuti apime kazi yake kwenye injini nyingine. Ni mchango mdogo, hauna gharama, na naamini una maana.

Vyote ni bure. Nani analipa?

Uliza swali hili kabla ya kuuliza la kasi. Chrome inalipiwa na biashara ya matangazo ya Google. Edge inakuelekeza kwenye Bing na huduma nyingine za Microsoft. Safari inasaidia kuuza vifaa vya Apple, juu ya zile dola bilioni za Google nilizozitaja. Brave huuza matangazo yake yenyewe. Opera na Vivaldi hulipwa na injini za utafutaji na washirika ambao viungo vyao unavikuta vimepangwa tayari siku ya kwanza.

Na Firefox? Mozilla inamilikiwa na taasisi isiyo ya kibiashara, lakini sehemu kubwa ya mapato yake hutoka kwa Google, inayolipa ili iwe injini ya utafutaji ya kwanza humo. Ni udhaifu wa kweli. Mpinzani mkuu wa Chrome anaishi kwa fedha za mwenye Chrome, na anayekupendekezea Firefox bila kulitaja hilo hajakutendea haki. Mimi bado naipendekeza kwa sababu injini ya utafutaji hubadilishwa kwa mibofyo michache, na kivinjari chenyewe kinazuia ufuatiliaji bila kuombwa.

Kipi kina kasi zaidi?

Kwa kompyuta yenye afya, tofauti ni ndogo kiasi kwamba hutaiona kwa macho. Kinachochelewesha kurasa siku hizi ni matangazo na vipande vya msimbo vya kukufuatilia vinavyopakiwa pamoja na habari unayotaka kusoma. Kivinjari chochote chenye kizuizi kizuri cha matangazo kitaonekana chepesi kuliko kisicho nacho.

Kompyuta yangu ina RAM ya GB 4 na inakwama. Nibadilishe kivinjari?

Kwanza tazama kinachoila. Fungua Chrome au Edge, bonyeza Shift na Esc kwa pamoja. Litatokea dirisha dogo lenye orodha: kila kichupo, kila kiendelezi, na mbele yake kiasi cha kumbukumbu kinachotumia. Bofya kichwa cha safu ya kumbukumbu ili vinavyokula zaidi vipande juu. Mara nyingi utakuta kichupo kimoja cha mtandao wa kijamii kilichoachwa wazi tangu jana kinakula kuliko vingine vyote, au kiendelezi ambacho hukumbuki ulikiweka lini. Kichague, bonyeza kitufe cha kumaliza, usikilize feni ikitulia. Kwenye Firefox andika about:processes kwenye upau wa anwani utapata orodha kama hiyo.

Vivinjari vyote vikubwa vinatumia kumbukumbu nyingi kwa sababu inayoeleweka. Mwaka 2018 yalipofichuliwa mapungufu ya vichakataji (chipu kuu za kompyuta) yaliyopewa jina Spectre, ilibainika kuwa ukurasa mbaya ungeweza kuchungulia data ya ukurasa mwingine uliomo kwenye mchakato mmoja nao, yaani unaoendeshwa pamoja nao kwenye sehemu ileile ya kumbukumbu. Chrome ikaanza kutenga kila tovuti kwenye mchakato wake, na Firefox ikafuata baadaye. Unalipa RAM, unapata usalama. Ni biashara nzuri.

Unachoweza kufanya: kwenye Chrome washa kiokoa kumbukumbu kilicho chini ya mipangilio ya utendaji, kwenye Edge hakikisha kulaza vichupo kumewashwa. Firefox nayo huvilaza vichupo visivyotumika kumbukumbu inapokaribia kuisha. Punguza viendelezi. Acha kuweka vichupo thelathini kama orodha ya mambo ya kusoma, tumia alamisho (anwani za kurasa ulizohifadhi). Ukiyafanya yote hayo na bado inakwama, RAM ya ziada itakusaidia kuliko kivinjari kipya.

Usikimbilie viendelezi vinavyoahidi kuokoa kumbukumbu. Kimoja kilichopendwa sana, The Great Suspender, kiliuzwa kwa mmiliki mwingine mwaka 2020, na Februari 2021 Google ikakizima kwenye kompyuta za watu baada ya kukutwa na msimbo hasidi. Waliokuwa nacho walikiweka kikiwa kizuri. Kilibadilikia mikononi mwao bila wao kujua.

Kipi salama zaidi?

Kilichosasishwa. Jibu linaonekana fupi lakini ndilo lote. Chrome, Edge na Firefox hutoa toleo jipya kila baada ya wiki chache, na katikati hapo hutoa viraka vya dharura pale mwanya unapogunduliwa ukiwa tayari unatumiwa na wahalifu. Kivinjari hupakua sasisho kimyakimya, lakini halianzi kufanya kazi mpaka ukifunge na kukifungua tena. Mtu anayeifunika tu kompyuta yake ya mpakato kila usiku bila kufunga kivinjari anaweza kubaki na toleo lenye mwanya kwa muda mrefu. Ukiona alama ya sasisho kwenye kona ya juu kulia, usiiahirishe.

Onyo moja zaidi: sasisho haliji kwa ukurasa wa tovuti unaokuambia kivinjari chako kimepitwa na wakati, bofya hapa. Huo ni mtego, tena wa siku nyingi. Vilevile unapopakua kivinjari kipya, andika anwani ya mtengenezaji mwenyewe badala ya kubofya tangazo la kwanza kwenye matokeo ya utafutaji.

Nina Windows 7 au 8. Je, bado kuna kivinjari cha kunifaa?

Chrome 109, ya Januari 2023, ndiyo ya mwisho kwa mifumo hiyo. Edge ilisimama toleo hilohilo. Mozilla ilibakiza Firefox 115, toleo la msaada wa muda mrefu, kwa ajili ya Windows 7 na 8 na Mac za zamani, na mwisho wake umesogezwa mbele zaidi ya mara moja. Kwa hiyo ikikulazimu, ni Firefox. Ila fahamu kuwa mfumo wenyewe haupati viraka, na kivinjari hakiwezi kuziba mwanya ulio chini yake. Kompyuta ya namna hiyo usiifanyie miamala ya benki. Ikiwa ina nguvu ya kutosha, kuiwekea Linux kutakupa Firefox ya kisasa na mfumo unaosasishwa bila kulipia chochote.

Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Vivinjari bado vinaendelea humo, na Microsoft imeahidi kusasisha Edge kwenye Windows 10 hadi angalau Oktoba 2028. Una muda wa kujipanga.

Hali fiche (incognito) inanificha?

Inakuficha kwa mtu atakayeketi kwenye kompyuta hiyo baada yako. Basi. Ukifunga dirisha, historia na vidakuzi (faili ndogo ambazo tovuti huacha ili kukukumbuka) vya kipindi kile hufutwa. Tovuti unazotembelea bado zinakuona, kampuni inayokupa intaneti bado inajua unakwenda wapi, na ukiingia kwenye akaunti yako umejitambulisha mwenyewe. Faili ulizopakua zinabaki pale ulipoziweka.

Watu wengi waliamini vingine. Mwaka 2020 Google ilishtakiwa Marekani na watumiaji waliodai kuwa ilikusanya taarifa zao wakiwa kwenye hali fiche ya Chrome, na katika makubaliano yaliyowekwa wazi Aprili 2024 kampuni ilikubali kufuta mabilioni ya rekodi na kuweka maelezo yaliyo wazi zaidi kwenye ukurasa wa kufungulia hali hiyo.

Matumizi yake mazuri ni mepesi: kununua zawadi bila kuacha alama, kumwazima mgeni kompyuta aangalie barua pepe yake, kujaribu kama tovuti inagoma kwa sababu ya vidakuzi vya zamani.

Kipi kinalinda faragha vizuri bila mimi kugusa mipangilio?

Firefox, Safari na Brave ziko mbele. Safari ilianza kubana ufuatiliaji mwaka 2017 na kufikia Machi 2020 ikazuia vidakuzi vyote vya watu wa tatu, yaani vya kampuni nyingine zaidi ya tovuti uliyoifungua. Firefox tangu mwaka 2022 huweka vidakuzi vya kila tovuti kwenye chombo chake peke yake, hivyo mfuatiliaji aliyekuona kwenye tovuti ya viatu hawezi kukutambua kwenye tovuti ya habari kwa kidakuzi kilekile. Brave huzuia matangazo na vifuatiliaji tangu unapoifungua.

Edge ina ngazi tatu za kuzuia ufuatiliaji na huanza na ya kati. Ipandishe hadi ya juu, kisha zima mapendekezo ya ununuzi.

Chrome ndiyo iliyobaki nyuma. Januari 2020 Google ilitangaza kuwa itaachana na vidakuzi vya watu wa tatu ndani ya miaka miwili. Ikaahirisha, ikaahirisha tena, na Aprili 2025 ikasema hali ya sasa itabaki kama ilivyo, yaani vidakuzi hivyo havitaondolewa. Unaweza kuvizuia mwenyewe kwenye mipangilio ya faragha, na nakushauri ufanye hivyo leo. Tovuti nyingi zitaendelea kufanya kazi bila tatizo.

Kwa nini kizuizi changu cha matangazo kilizimwa kwenye Chrome?

Google ilibadilisha kanuni za viendelezi. Chini ya kanuni za zamani, kiendelezi kiliweza kukagua kila ombi linalotoka kwenye kivinjari na kulizuia papo hapo. Kanuni mpya, ziitwazo Manifest V3, zinakitaka kiendelezi kikabidhi orodha ya sheria mapema, kisha kivinjari chenyewe ndicho kinachozuia. Google inasema ni kwa ajili ya usalama na kasi, na hoja hiyo ina uzito wake, maana kiendelezi kinachoona kila kitu kikiingia mikono mibaya ni hatari. Matokeo kwa mtumiaji lakini ni kuwa uBlock Origin kamili imeondoka kwenye Chrome. Iliyobaki huko ni uBlock Origin Lite, inayofanya kazi nzuri kwa matangazo ya kawaida na kushindwa kwa yale ya ujanja. Firefox imeendelea kukubali ile kamili.

Kama kizuizi cha matangazo ni jambo la msingi kwako, hapa uamuzi umeshajifanya.

Vipi Brave, Vivaldi na Opera?

Brave ilianzishwa na Brendan Eich, aliyebuni lugha ya JavaScript mwaka 1995 akiwa Netscape na baadaye akashiriki kuanzisha Mozilla. Inazuia vizuri, ni nyepesi, ila itakukuta na pochi ya sarafu za kidijitali na matangazo ya kulipwa kwa tokeni. Vyote hivyo vinazimika, na kwa mtumiaji wa nyumbani ningevizima.

Vivaldi, iliyotoka rasmi mwaka 2016, ni ya Jon von Tetzchner, mmoja wa waanzilishi wa Opera. Inampendeza mtu anayependa kupanga kila kitu apendavyo: vichupo pembeni, vichupo vilivyorundikwa kwa makundi, barua pepe humohumo. Asiyetaka mipangilio mingi itamchosha.

Opera ilizaliwa Norway mwaka 1995, na mwaka 2016 kivinjari kikanunuliwa na kundi la wawekezaji wa China. Ile huduma yake ya bure iitwayo VPN hupitisha tu mambo ya kivinjari kwenye seva zao. Programu nyingine za kompyuta yako haziguswi. Mimi siitumainii kwa siri yoyote ya maana.

Na Tor Browser?

Imejengwa juu ya Firefox na hupitisha mawasiliano yako kwenye vituo vitatu ili tovuti isijue ulipo. Ni polepole, na tovuti nyingi huitilia shaka. Ina watu inayowafaa sana, lakini kwa bili na kazi za shule haifai.

Nihifadhi manenosiri kwenye kivinjari?

Ndiyo, ukilinganisha na mtu anayetumia nenosiri moja kila mahali au kuyaandika kwenye faili. Kivinjari kina faida ambayo wengi hawaifikirii: kinakumbuka anwani halisi ya tovuti. Ukipelekwa kwenye ukurasa bandia wa benki unaofanana na wa kweli kama mapacha, wewe utadanganyika, kivinjari hakitajaza kitu. Kikikataa kujaza mahali kinapojaza kila siku, simama usome anwani herufi kwa herufi.

Hatari iko kwa anayeketi mbele ya kompyuta yako iliyofunguliwa, na kwa programu hasidi za kuiba zinazolenga hazina hiyo hasa. Weka nenosiri kwenye akaunti ya Windows au Mac. Kwenye Firefox washa Nenosiri Kuu, litakaloombwa kabla ya mengine kufunguliwa. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye barua pepe na benki, kwani mwenye barua pepe yako anaweza kubadilisha manenosiri mengine yote.

Tuko wengi na kompyuta ni moja. Tufanyeje?

Msitumie kivinjari kimoja kwa akaunti moja ya Windows. Wasifu tofauti ndani ya Chrome au Edge unatenganisha alamisho na historia, lakini hauna ulinzi. Mtoto anabofya picha yako na yuko ndani. Mfungulie kila mtu akaunti yake kwenye mfumo endeshi, yenye nenosiri lake. Kazi ni ya dakika chache na inamaliza ugomvi mwingi.

Tovuti ya benki au ya huduma za serikali inagoma kwenye Firefox.

Kabla ya kuilaumu Firefox, bofya alama ya uBlock Origin, uizime kwa tovuti hiyo tu, upakie ukurasa upya. Mara nyingi tatizo huishia hapo. Isipokubali, ifungue kwenye Edge au Safari. Kuwa na vivinjari viwili hakuna madhara. Wapo wanaotenga kimoja kwa fedha pekee, kisicho na kiendelezi hata kimoja, na huo ni utaratibu ninaoupenda.

Vivinjari vyenye akili mnemba vinavyofanya kazi badala yako je?

Vipo: Comet ya Perplexity na ChatGPT Atlas ya OpenAI vilitoka mwaka 2025, na Edge na Chrome nazo zimeingiza wasaidizi wao. Kufupisha makala ndefu si shida. Kumpa msaidizi ruhusa ya kubofya na kujaza fomu ukiwa umeingia kwenye akaunti zako ni jambo jingine. Ukurasa unaweza kubeba maagizo yaliyofichwa ambayo wewe huyaoni na msaidizi anayasoma kama amri yako, na bado hakuna kinga kamili dhidi ya hilo. Mbali na benki, mbali na barua pepe.

Nahamaje bila kupoteza alamisho na manenosiri?

Firefox itakuuliza siku ya kwanza kama ilete data kutoka kivinjari kingine. Kubali. Funga Chrome kwanza ili faili zake zisiwe zimeshikiliwa. Alamisho na historia huja bila shida.

Manenosiri yakikataa, yatoe kwenye Chrome kama faili ya CSV, kisha uyaingize Firefox kupitia ukurasa wa manenosiri. Hapa kuwa mwangalifu kweli. Ukifungua faili hiyo kwa Notepad utaona mstari wa kwanza name,url,username,password,note, na chini yake kila tovuti yako na nenosiri lake likisomeka wazi, bila fumbo lolote. Usiiweke kwenye folda inayojinakili mtandaoni, usijitumie kwa barua pepe. Ukishaiingiza, ichague na ubonyeze Shift na Delete ili isipitie pipa la taka.

Nimeshachagua Firefox lakini Windows bado inafungua Edge.

Nenda Mipangilio, Programu, Programu chaguomsingi, chagua Firefox, ubofye kitufe cha kuifanya chaguomsingi kilicho juu ya ukurasa. Baada ya hapo viungo vya kwenye barua pepe na nyaraka vitafuata. Utafutaji wa kwenye menyu ya Anza utaendelea kufungua Edge, isipokuwa katika nchi za Eneo la Uchumi la Ulaya ambako sheria imelegeza hilo.

Nikishahama, nifute kile cha zamani?

Subiri mwezi hivi, maana kuna nenosiri au alamisho utakayokumbuka baadaye. Edge huwezi kuiondoa kwa njia ya kawaida nje ya Ulaya, kwa hiyo iache isasishwe. Chrome inaondoka, ila kabla ya kuiondoa ingia kwenye akaunti yako ya Google ufute data iliyosawazishwa, kwa sababu kuondoa programu kwenye kompyuta hakufuti nakala iliyo kwenye seva zao. Wakati wa kuiondoa, tia alama kwenye kisanduku kinachouliza kama data ya kuvinjari nayo ifutwe.